Chumvi ya Mzee

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hali chakula. Chai anaiacha ipoe, uji anauzungusha kwa kijiko mpaka ugande. Ndugu zangu walishauri kwa simu, maana kushauri hakuchoshi, na kazi ikaniangukia mimi. Nikampandisha mlimani, kwenye nyumba ya wageni ambako yeye na baba walizoea kwenda kupumzika. Huko alikuwa akila mpaka analegeza mkanda wa gauni. Kama na huko angekataa, basi tulikuwa tunampoteza.

Mwenyeji, tuliyemwita Mama Wageni, alitukumbatia akatupa pole. Nyumba ilikuwa na baridi ya kuingia mifupani, na hapakuwa na mgeni mwingine. Akaleta kuku wa kuchemsha, viazi na mboga za shambani kwake. Harufu ya chakula ilinifanya nimeze mate. Mama akaonja kidogo tu, akaweka kijiko chini.

Nikaonja na mimi. Chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Hasira zikanipanda: safari yote ile, nije nilishwe chakula cha wagonjwa? Nikabeba sahani hadi jikoni nikasema yote yaliyonijaa.

Mama Wageni alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatazama kiti kitupu kilichokuwa karibu na jiko.

"Chumvi huwa anatia mzee," alisema. "Mimi napika tu. Yeye ndiye anaonja, anatia."

Ndipo nikajua kwamba mzee, mumewe, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba kabla ya mvua kuanza. Tangu hapo wageni walikuwa wakila kimya, wanaaga kwa adabu, hawarudi. Hakuna aliyemwambia kuwa chakula hakina chumvi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikanyoosha mkono nichukue kopo la chumvi.

"Liache hapo," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Atakuja kutia mwenyewe."

Akavuta kigoda, akakaa kando ya Mama Wageni, kile kiti wakakiacha. Wakala kwenye sufuria, taratibu, bila kusemezana, mpaka mchuzi ukaisha. Mama yangu alilamba vidole. Nilipaswa kufurahi, lakini niliingiwa na hofu.

Asubuhi nilipokwenda kumwambia tuondoke, nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Wewe tangulia, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Mimi namsubiri baba yako."