Chaji ya Kaka

Kazini maabara, dada mtu alikuwa na protini moja inayomtii. Akipandisha volti, inasogea ndani ya utando wa seli; akishusha, inarudi mahali pake. Aliichezesha kutwa, mstari ukipanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta, hata wenzake wakamtania kwamba ina adabu kuliko mume wake.

Nyumbani kwa mama, protini ileile ilikuwa ikimtesa kaka yake. Ya kaka ilizaliwa na kasoro: inavuja. Siku nyingine umeme wa misuli yake hushuka, protini inagoma, na seremala mzima, mbeba mbao, anashindwa kuinua kijiko. Majibu ya vipimo yalipotoka juzi, mama aliuliza kuna nini. Dada akatafuta neno jepesi.

"Chaji inashuka, mama. Kama simu."

Mama akaelewa mara moja, na dada akajiona hodari wa kufafanua. Habari ya vyakula vya kuepuka akaiweka kiporo, maana alikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Leo alimkuta kaka kwenye kochi, mikono imelala kama ya kuazima.

"Dada, nimezimika kabisa," alisema. Mdomo tu ndio uliobaki na nguvu.

"Umekula nini?"

Mama akatokea jikoni na kikombe. "Namchaji tangu asubuhi. Chai ya sukari nyingi, soda, uji mtamu. Lakini kila nikimchaji ndiyo kwanza anazidi kulegea. Hebu mwinue kichwa anywe na hiki."

Dada alikizuia kikombe kwa mkono. Sukari ndiyo inayoishusha hiyo chaji. Alimnywesha kaka dawa yake, akampigia daktari, akaambiwa wasubiri gari la wagonjwa. Akaushika ule mkono mzito. Kazini angebonyeza kitufe na kila kitu kingesogea. Hapa aliubonyezabonyeza tu, akijua kinachotokea ndani yake hatua kwa hatua, na kujua kwake hakukusaidia chochote.

"Mama, usimpe tena. Sukari ndiyo inayomzima."

Mama alikaa chini na kikombe chake, akashika tama. "Sasa mbona uliniambia chaji?"



"Mtagombana baadaye," kaka alisema, macho yakitazama dari. "Kwanza mmoja wenu anifute machozi. Yananiingia masikioni."