Skrini Tatu Juu ya Kaunta

Saa sita kamili mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, skrini tatu zilizoning'inia juu ya kaunta zilibadilika zote kwa pamoja. Wali kuku wa mchana ukatoweka. Ikatokea menyu ya jioni, na bei zake za jioni.

"Dada, hii imekaaje?" aliuliza fundi mmoja mwenye rangi kwenye viatu. "Nimepanga foleni bei iko vile, nafika mbele imepanda. Au ningekuja mbio?"

Watu wakacheka, lakini si kwa wema. Wawili wakatoka.

"We Profesa!" mpishi alipaza sauti kutoka dirisha la jikoni. "Mashine zako zimeshaona giza?"

Profesa alikuwa mhudumu wa meza, mama wa miaka arobaini na mitatu, na jina hilo walimbandika tangu aanze masomo ya jioni. Aliweka trei chini, akakimbilia kompyuta ndogo iliyokuwa nyuma ya keshia. Kosa aliliona mara moja. Jana alipomuuliza bosi menyu ya jioni ianze lini, alijibiwa saa kumi na mbili. Naye, miguu ikimuuma, akaandika 12:00. Mwalimu wao wa masomo ya jioni alishawaonya mara ngapi kwamba mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, si alfajiri kama sisi? Akafuta, akaandika 18:00, akairudisha menyu ya mchana.

Alipogeuka, bosi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Leo hutoki."

"Bosi, ulinipa ruhusa. Mtihani ni saa kumi na mbili. Nikiukosa leo, ni mpaka mwakani. Nimezipanga skrini zibadilike zenyewe ili nisiwaachie shida."

"Zenyewe ndiyo hizi zinazofukuza wateja?"

"Nimesharekebisha. Hata keshia anaweza kubonyeza, nilimwonyesha."

Keshia aliinamia droo yake. Alijua kwamba atakayejifunza skrini ndiye atakayebaki nazo. "Mimi, bosi, hayo mambo hayajaniingia," alisema.

"Umesikia? Wewe ndiye unayezijua."

Miezi mitano nyuma, fundi aliyezifunga skrini alipoondoka na kuacha rimoti moja na nywila kwenye kipande cha karatasi, bosi aliuliza nani anaelewa kompyuta. Profesa akainua mkono, kwa furaha, kama mtoto darasani. Tangu siku hiyo kubadilisha picha na bei na kufuta chakula kilichoisha kukawa kazi yake. Meza zake sita nazo hazikupungua. Kwenye mkataba bado aliandikwa mhudumu.

Wateja walipopungua aliingia stoo, akasimama kati ya magunia ya mchele, akafumba macho. Hakuomba muujiza. "Mungu wangu, mlainishe moyo tu," alinong'ona. "Muda wa saa mbili tu, Baba."

Saa kumi na moja alimfuata bosi tena, begi likiwa begani.

"Bosi, nakuomba."

"Mama, tusizungushane. Ukitoka sasa, kesho usirudi."

Nyumbani kulikuwa na mama yake mgonjwa na mabinti wawili, na wote walikula kwa kazi hii. Akalirudisha begi kwenye msumari wake, na ndani yake kalamu mbili mpya na kitambulisho cha mtihani.

Saa kumi na mbili ilimkuta katikati ya ukumbi, amebeba trei ya vyombo vichafu. Aliinua macho. Skrini zikabadilika, zote tatu, dakika ile ile aliyoipanga. Darasani, wakati huo, msimamizi alikuwa anafunga mlango.

Bosi naye alitazama juu, akatabasamu.

"Unaona? Bila wewe tungeumbuka tena."

"Sijazigusa, bosi." Aliinua trei mbele yake ili bosi aone mikono yake ilipo. "Nimesimama hapa."

Bosi aliitazama ile mikono, kisha skrini.

"Ndiyo maana siwezi kukuachia," alisema. "Kesho wahi kidogo. Nimenunua nyingine mbili, za dirishani."