Makaa ya Kilima cha Kulesa

Gershom alijua kulima, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka wa 1957 wakubwa wa barabara walitaka kukichota kile kilima cha mchanga karibu na Kulesa, na juu yake alikuwa amezikwa bintiye Margaret, mtoto wa miaka sita. Kisha akaja mzungu mmoja, Bwana Fenwick, akaokota vigae vya vyungu, akasema hapa walikaa watu wa kale. Makaa ya meko yao yakipimwa Ulaya na kuonekana ya zamani sana, kilima hakiguswi.

Fenwick akaenda Malindi kutafuta vifaa, akamwachia Gershom kazi ya kusafisha kichaka. Basi Gershom akafanya kama baba yake: akafyeka, akakausha, akatia moto. Nani huanza shamba bila kuchoma? Mizizi ya mikoma ilifuka chini kwa chini siku nne, naye akafurahi, maana ardhi iliyoungua hivyo haisumbui jembe.

Mvua ikaosha majivu, Fenwick akarudi, wakachimba. Shimo lilipofika kifuani wakakuta makaa kando ya vigae, wakayatia mkebeni kwa furaha. Jioni hiyo Gershom alimwambia mkewe Hulda, "Mtoto amepona." Alisema hivyo juu ya mtoto aliyekufa, na Hulda hakumcheka.

Jibu kutoka Ulaya lilichukua miezi minane. Fenwick alilisoma amesimama, uso umemshuka. Makaa yale yalikuwa ya juzi tu.

"Mchanga haushiki kitu, cha juu hushuka chini," alisema. "Lakini si hivi. Kuna mtu aliyechoma hapa?"

"Mimi, Bwana. Nilikuwa nasafisha."

Fenwick akakaa chini. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alisema moto umefuata mizizi kilima kizima, hakuna tena makaa ya kuaminika, na vigae peke yake wakubwa hawavitaki.

Malori yakaja. Msimamizi wao akawapa siku moja wamhamishe mtoto. Hulda alileta shuka, Gershom akachimba kwa mikono, taratibu, kama alivyofundishwa kuchimbua vigae. Alipofika kwenye fuvu mikono ikamkataa, akalia waziwazi.

"Nipishe," Hulda akasema, akamtoa mwanawe mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumwita tena mumewe Baba Margaret.