Sentensi ya Da Sabra

Dorkasi alikaa benchi moja na Da Sabra, muuza karoti wa soko la Lushoto, na tangu darasa la Kiingereza lianze hakuwahi kuinua mkono. Siku ya kujiandikisha alimwambia mwalimu Alen kwamba amemaliza la saba. Tangu hapo, kila alipoitwa jina, aliinamia daftari.

Jioni ile, ukungu ukiwa umeshafika madirishani mwa ukumbi wa usharika, mwalimu alifundisha sentensi za masharti.

"Kwanza sharti, kisha matokeo. Hili lingekuwa hivi, lile lingetokea. Kila mtu aandike moja, ya maisha yake mwenyewe. Asiyeandika hana haja ya kubaki humu."

Dorkasi aling'ata kalamu. Kichwani masharti alikuwa nayo tele, ila yote kwa Kishambaa. Kando yake Da Sabra alikuwa akiandika polepole, uso ameukunja. Dorkasi akalichungulia daftari la mwenzake, akanakili herufi moja baada ya nyingine bila kujua zinasema nini.

"Dorkasi, anza wewe."

Alisimama, akasoma kwa sauti ya kuku mgonjwa, kila herufi akiitamka kama ya Kiswahili. Huku nyuma watu wakaanza kuguna. Mwalimu akatabasamu.

"Unasema mume wako angekuwa hai, usingeuza karoti peke yako. Umeolewa lini, binti?"

"Makubwa!" Mbaraka, mpishi wa nyumba ya wageni, alipiga meza. "Kafiwa kabla ya posa! Pole, mjane!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dorkasi naye alicheka kidogo, ili wamwache. Ndipo alipomtazama Da Sabra. Amefunika daftari kwa viganja vyote viwili, na mumewe hajamaliza hata mwaka kaburini.

"Da Sabra, tusomee yako."

"Sijaandika, mwalimu."

"Muda wote huo? Basi, dada yangu, nilishasema."

Da Sabra alijifunga khanga vizuri, akainuka.

Dorkasi alihisi masikio yanawaka. Angenyamaza tu, Da Sabra angetoka na yeye angebaki. Wala hakuna ambaye angejua.

"Mwalimu." Aliinua mkono. "Mwalimu, ile ni yake. Mimi nimenakili, wala sikujua imesema nini. Shule mimi niliishia la tano."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mbaraka akajishughulisha na kifuniko cha kalamu.

"Da Sabra, kaa, tafadhali," mwalimu alisema. "Tusomee mwenyewe."

"Mmeshaicheka, mwalimu. Nitaisomaje tena?"

Alikaa, lakini mwisho kabisa wa benchi, uso ukutani. Dorkasi alitaka kumwomba radhi. Alibaki amesimama na daftari mkononi. Kati yake na Da Sabra pangeweza kukaa watu wawili.