Ameshapoa

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa moto tangu ujana. Daktari wa upasuaji alipotuambia kwamba watampoza, alicheka, akaniuliza kama nimemfungashia koti.

Mshipa wake mkuu, ule unaotoka moyoni, ulikuwa umevimba na siku yoyote ungepasuka. Daktari alieleza taratibu. Wangepitisha damu yake kwenye mashine, waipoze mpaka mwili ufike nyuzi kumi na nane, kisha wasimamishe kila kitu kwa nusu saa ili washone mshipa usio na damu. Ubongo na figo vikiwa baridi hivyo, huvumilia. Mimi ni fundi cherehani, habari za kushona nilizisikia vizuri. Mengine niliitikia tu, macho yangu yakiwa kwenye kalamu yake.

Ndugu zake niliwapigia simu wote. Shemeji yangu mkubwa alisema kazi zimembana, tuombeane. Wifi hakupokea. Undugu ni kufaana, si kufanana, lakini wale wamefanana naye tu, basi.

Nikakaa peke yangu kwenye benchi la korido, viatu vyake ndani ya mfuko mapajani. Watu wa wagonjwa wengine walikuwa wanne wanne, wakigawana chai ya chupa moja na kutaniana. Mimi hata wa kunishikia mfuko niende msalani sikuwa naye. Niliona uchungu, tena nikaona haya kuuona.

Saa tano na nusu muuguzi alitoka mbiombio. Nikamshika mkono, nikamuuliza mzee wangu anaendeleaje.

"Ameshapoa, mama," akasema kwa upole. "Moyo umesimama sasa hivi."

Akaingia chumba cha pili, akatoka na ndoo ya barafu, mlango ukafungwa nyuma yake. Mwenye homa akipoa, tunashukuru. Aliyesimama moyo akipoa, tunamfunika. Hiyo barafu nilijua ni ya nini.

Sikulia. Nilimpigia shemeji, nikamwambia ndugu yako ametutoka. Akalia yeye kwa niaba yangu. Baada ya hapo simu haikunyamaza: wifi, binamu, hata jirani aliyenuniana naye miaka sita. Gari limepatikana, wako watu kumi na wanne, wanakuja. Nitasema kweli, nilifarijika.

Saa nane na nusu daktari akatoka, kofia bado kichwani, akaketi kando yangu.

"Tumeshampasha joto," akasema. "Moyo unapiga tena. Wenzangu wanamfunga kifua."

Nilimuuliza mara tatu moyo wa nani.

Nikampigia shemeji. Nilisikia vibaya, nikamwambia, yuko hai. Alimshukuru Mungu kwa sauti, na nyuma yake nikasikia gari zima likishangilia. Kisha wakanong'onezana kidogo.

"Sasa shemeji," akasema, "kama ni hivyo, si tugeuze tu?"

Siku ya tatu walimtoa mpira wa kupumulia. Sauti yake ilikwaruza kama msasa. Aliuliza akina nani wamekuja kumwona. Nilimfunika miguu kwanza, maana bado alikuwa akisikia baridi.

"Ndugu zako walikuja," nikamwambia. "Walifika nusu ya njia."