Viatu Mkononi

Mapacha wangu wakitembea hupiga kelele, nikiwabeba hunyamaza. Ni akina nani hao?

"Watoto!" wajukuu hudakia wote kwa pamoja, tena hucheka kabla sijawaambia kuwa wamekosa. Jibu ni viatu. Kitendawili hicho nilikitunga mwenyewe, ila hawajui nilikitoa wapi.

Nilikitoa mahakamani, kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani, mgongo nimeunyoosha kama nilivyoagizwa. "Mama, wewe kaa nyuma yake tu, uonekane," wakili alikuwa amenisihi. "Usipoonekana, watasema hata mkewe hamwamini." Mume wangu, jaji, mtu aliyezoea kukaa juu watu wakimwinamia, siku hiyo alisimama kizimbani kama mwizi wa kuku. Alishtakiwa kwa kuwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya kazi yao. Walikuwa wakimsubiri mwanamke mmoja koridoni wamkamate, nje ya chumba cha mume wangu cha kusikilizia kesi. Mwanamke huyo alikuja kutoa ushahidi katika ugomvi wa majirani. Alipomaliza, hakutokea koridoni. Jaji alimpitisha mlango wake mwenyewe, ule ulio nyuma ya kiti chake, unaoshukia uani.

Hayo nilikuwa nayajua, na nilishayameza. Kilichonikwama kooni ni maneno ya wifi yangu.

"Wifi," aliniambia jikoni kwangu, akimenya vitunguu ambavyo sikumwomba amenye, "wewe umeona wapi mwanaume akachezea kazi yake kwa ajili ya mwanamke asiyemjua?"

Tangu hapo nikawa mtu wa kunusa makoti. Nilimuuliza mume wangu kama huyo mwanamke ni mzuri. Akasema hakumwangalia. Jibu gani hilo, kwa mtu mwenye miwani minene vile!

Basi akapanda ofisa kutoa ushahidi, kijana mpole mwenye mafua. Alisema alikuwa amechungulia mlangoni, akamwona jaji amesimama na yule mwanamke, akamsikia akimwelekeza. Mpaka yeye na wenzake wazunguke jengo, mwanamke hayupo.

"Alimwelekeza vipi?" mwendesha mashtaka akauliza.

Ofisa akapenga kamasi kwanza. "Alimwambia, vua viatu, shika mkononi. Shuka kwa pembeni, katikati panalia. Usigeuke nyuma, mimi nipo."

"Panalia? Ngazi zile si za saruji?"

"Ni za saruji, mheshimiwa. Hata mimi nilishangaa."

Watu wakacheka. Mimi nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto kifuani.

Maana ngazi zilizolia zilikuwa za mbao, za nyumbani kwa baba yangu. Baba hakumtaka yule mwanafunzi wa sheria mwenye shati moja, akanizuia juu ghorofani ili nimsahau. Mwanafunzi akaja akasimama chini ya ngazi, akaninong'oneza maneno hayo hayo, moja baada ya jingine. Nikashuka, viatu mkononi, roho mkononi pia. Katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu nilichokuwa nacho peke yangu. Mwanamke mwingine angeweza kuwa na elimu, na sura, na kiuno. Maneno yale yalikuwa yangu. Na sasa amepewa mtu mwingine, pamoja na ngazi zake!

Nikainuka. Wakili akanitolea macho. Nikatoka, benchi likabaki wazi nyuma ya mume wangu, kila mtu akiona.

Jioni waandishi wa habari walijazana getini kwetu. Nilikuwa jikoni nikigombana na sufuria niliposikia mlango wa nyuma ukigongwa taratibu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama watoto. Nimepitia kwa jirani."

Sikufungua. "Ulimpa maneno yangu."

Nikarudi kwenye sufuria.

"Alikuwa anatetemeka," akasema huko nje. "Kama wewe siku ile. Nikatafuta cha kumwambia, sikuwa na mengine."

"Miaka yote hiyo ya vitabu, hukuwa na mengine?"

"Sikuwa nayo."

Nilifungua. Alikuwa amesimama pekupeku, mzee mzima, soksi mfukoni, viatu mkononi, ili wale wa getini wasimsikie kwenye kokoto. Nikampokea viatu. Nikampa chakula.

Nisiwadanganye, wivu haukuniisha. Hata leo nikimfikiria yule mwanamke, popote alipo, nafsi hunichoma kidogo, kisha namwombea. Na ile kazi ilikwenda kweli. Jaji wangu sasa huamua kesi za wajukuu na paka.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya mengine yote, nilitoa kabatini viatu vyangu vya kisigino, vile vyenye kelele. Nikaingia mahakamani kwa mlango wa mbele, katikati kabisa ya ukumbi, ko, ko, ko, mpaka kwenye benchi langu. Mume wangu hakugeuka nyuma. Alijua nipo.