Kitanda cha Nne

Mdogo wangu nilimtafutia kazi mimi mwenyewe. Nilimwandikia barua ya maombi, nikamwazima viatu vyangu vyeusi vya usaili, nikamwonya asicheke ovyo mbele ya injinia wa kituo. Alicheka. Injinia naye akacheka. Ningekuwa na akili ningeisoma ishara hapo hapo.

Kituo chetu hupokea kinyesi cha mji mzima. Magari ya kunyonya vyoo huja tangu asubuhi na kumwaga tope, nasi tunalitandaza kwenye vitanda vya mchanga lichujike, kisha jua limalize kazi. Likikauka linakuwa mabonge. Mabonge yanaingia tanurini, yananyimwa hewa, ili yaive yasiungue. Kinachotoka ni mkaa mweusi, mwepesi, usionuka chochote. Si wa kupikia. Wakulima wanauchanganya na udongo ushike maji na mbolea, na wanaupenda kweli, mradi hawakuuona ukiingia.

Vitanda ni vyangu. Miaka saba nageuza tope kwa reki, na stashahada yangu ya afya ya mazingira ninayo kabatini. Binti yangu akiulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, anajibu, "Ofisini." Lakini mama yake mdogo alipopewa tanuri kwa majaribio, darasa zima lilijua. Binti yangu alimchora amevaa miwani ya kukinga macho, moto umemzunguka kichwa kama taji. Picha akaibandika ukutani, karibu na meza ya kulia chakula. Mimi simo. Niliangalia mpaka pembeni.

Injinia alikuwa ameweka sharti: michomo mitatu safi, mfululizo. Ukiharibika hata mmoja, tanuri linakuja kwangu, maana kwenye orodha ya wanaosubiri tanuri mimi ndiye niliyefuata. Miwili ilipita bila doa. Siku ya wa pili, dereva wa gari la kunyonya, ambaye tunamwita Marashi kwa sababu zinazojulikana, alinisogelea akijifuta mikono.

"Dada mkubwa, naona mwanafunzi kampita mwalimu."

"Kamwage mzigo wako."

"Namwaga. Ila ukinuna hivyo, tope litakauka lenyewe kwa hofu."

Nilicheka kwa meno tu. Kila kitu cha mdogo wangu kilikuwa kinanichoma: ovaroli iliyomkaa kama ameshonewa, namna alivyotega sikio kwenye mlango wa tanuri akajua joto kabla ya kusoma kipimajoto, hata namna binti yangu alivyomwachia kiti chenye mto akija kula kwangu. Kiti changu.

Sasa, sisi tuna utaratibu mmoja ambao haumo kwenye kitabu chochote. Kabla ya kupakia tanuri, mkaushaji anachukua bonge katikati ya kitanda na kulivunja mbele ya mchomaji. Likilia ka! limekauka. Likipinda, linarudi juani. Kipimo cha umeme tunacho, lakini sindano zake ni fupi, zinapima ganda, na ganda hudanganya. Haya yote nilimfundisha mimi.

Asubuhi ya mchomo wa tatu ilikuwa zamu ya kitanda cha nne. Wiki iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na turubai la kitanda hicho lina tundu kwenye pembe. Niliwahi kufika kabla ya wote, nikavunja bonge peke yangu. Lilipinda kama ulimi. Nikalifukia chini ya mengine.

Mdogo wangu akaja mbio, glavu moja mkononi, nyingine kwapani.

"Dada, kipimo kinasema pakavu. Umeshavunja?"

"Nimevunja."

"Nipakie?"

"Si kipimo kimeshasema?"

Akanitazama kidogo. "Mimi nakuamini wewe kuliko kipimo," akasema, akawaita wapakiaji.

Saa nne tanuri lilianza kukohoa. Mvuke mweupe ukatoka kwenye bomba, kisha moshi wa manjano. Joto likagoma kwenye nyuzi mia mbili. Utomvu mweusi kama lami ukachuruzika chini ya mlango. Harufu yake siielezi. Ng'ambo ya ukuta madirisha yakafungwa moja baada ya jingine, pa! pa! pa!

"Jamani, nani kafia humo?" Marashi akapiga kelele. Marashi, mtu ambaye pua yake tulidhani ilikufa zamani.

Mdogo wangu alizunguka tanuri akifunga hiki na kufungua kile, lakini tope bichi halibembelezwi. Injinia akafika ameziba pua kwa tai.

"Bonge la kupimia nani alilivunja?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akawahi.

"Mimi sikusubiri kuona, injinia. Utaratibu ni mchomaji ashuhudie kwa macho yake. Nilikuwa na haraka. Kosa ni langu."

Na ilikuwa kweli. Injinia akashusha pumzi, akanigeukia. "Basi kuanzia kesho tanuri ni lako."

Neno hilo nililingoja miezi. Nilidhani lingekuwa tamu. Mdogo wangu akavua miwani. Uso mzima masizi, isipokuwa miduara miwili safi kuzunguka macho, na macho yenyewe mekundu. Hakunitazama kwa lawama. Hapo ndipo wivu ulipopanda kuliko siku zote: hata kosa langu alilivaa, na lilimkaa vizuri.

"Nililivunja mimi, mapema, kabla hamjafika," nikasema. "Lilipinda. Nilijua kitanda ni kibichi."

Marashi akazima injini ya gari lake asipitwe na neno.

"Ulijua ukamwacha apakie?" injinia akauliza.

"Nilimwambia nimevunja. Sikumwambia lilivyopinda."

Nilipewa barua ya onyo na jina langu likafutwa kwenye orodha. Mchomo wa tatu ukaamuliwa urudiwe. Mdogo wangu hakunikumbatia wala hakunishukuru. Alinifuata stoo ninakoweka reki.

"Umenionea wivu mimi, dada? Mimi niliyekwenda kwenye usaili na viatu vyako?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Na vilinibana," akasema, akaondoka.

Zilipita siku kumi za jua kali. Turubai nilikuwa nimelishona. Siku ya kurudia, alikuja kitanda cha nne bila kukimbia, akasimama mbele yangu amekunja mikono. Wapakiaji wakasimama nyuma yake.

"Vunja."

Nikavunja. Ka!

"Jingine."

Ka!

"La chini kabisa, kule pembeni palipokuwa na tundu."

Nilichimba, nikavunja. Nilivunja mabonge kumi na mawili mbele ya watu, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na hakusema ahsante hata kwa moja. Kisha akavaa miwani yake akaenda kuwasha.

Saa nne ikafika. Nilisimama na reki yangu, nikitega sikio upande wa tanuri kama litakohoa. Halikukohoa. Nisiseme uongo: nilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.